Nilipunguza pindo la sketi, kumbe mgongo ndio uliokuwa unapinda

Mwanangu alikuwa na miaka saba alipoanza kulala amekaa. Ilikuwa Mei 2021, masika yanaishia huku kwetu Korogwe. Nikiamka saa nane za usiku namkuta ameegemea ukuta, magoti kifuani, amefumba macho lakini hajalala. Nikimlaza analia, nikimkalisha ananyamaza. Nilipomuuliza anaumwa nini alinijibu kitoto: "Mama, nikilala mgongo unaamka."

Ningeyaelewa maneno yale siku ile, tungeokoa miezi minane. Sikuyaelewa. Mchana alikuwa anacheza rede na wenzake kama kawaida, anakula, hana homa. Jirani akasema anakua huyo, mifupa inanyooka. Baba yake akasema anadeka, anataka kulala na mama. Mimi nikakubali yote mawili, kwa sababu yalinipa usingizi.

Mwanangu alikuwa na uvimbe ndani ya uti wa mgongo, na naandika haya kwa mzazi ambaye yuko pale nilipokuwa mimi mwezi wa tano ule. Mtu mzima anaumwa mgongo kwa magunia, kwa jembe, kwa kuinamia cherehani kutwa. Mtoto wa miaka saba hana hayo. Maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtoto usiku na kuzidi akilala chali yatafutiwe sababu mpaka ipatikane. Nimeambiwa hivyo na madaktari watatu tofauti, wote nikiwa nimeshachelewa.

Zahanati walimpima mkojo wakasema ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Sindano, akapata nafuu kama wiki moja, yakarudi. Tukaambiwa UTI imekuwa sugu. Mara minyoo, mara taifodi. Kila dawa ilionekana kufanya kazi, kwa sababu maumivu yenyewe yalikuwa ya kuja na kuondoka. Tulikuwa tukiisifu dawa kwa kazi isiyo yake. Na hapa kosa langu la kwanza: sikuandika popote. Kila nilipoingia chumba cha daktari nilianza upya, "anaumwa mgongo", na kila daktari aliona tatizo la wiki moja. Kama ningekuwa na daftari lenye tarehe, pengine wa tatu au wa nne angeona kuwa ni tatizo la miezi.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lilipita mikononi mwangu. Mimi ni fundi cherehani, na nguo za shule ndizo zinazonilisha. Mwezi wa saba mwalimu alimrudisha mtoto na ujumbe kwamba sketi yake imening'inia upande. Nikampandisha kwenye stuli, nikatazama. Kweli, upande wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia, kama sentimita mbili. Sketi niliishona mwenyewe Januari na ilikuwa sawa. Nikachukua chaki, nikaweka alama, nikapunguza pindo la kushoto. Dakika kumi, sketi ikakaa vizuri. Sikumvua shati. Ningemvua ningeona bega moja limepanda na uti wa mgongo umeanza kwenda upande kama barabara inayokwepa jiwe. Mgongo wa mtoto unaopinda huku unauma si jambo la mkao mbaya.

Mwezi wa nane akaanza kukojoa kitandani. Alikuwa ameacha tangu ana miaka mitatu. Nilimsema mbele ya wadogo zake, nikamwita kikojozi, asubuhi moja nikamfanya atoe godoro nje mwenyewe ili aone haya. Hakujitetea. Alilivuta lile godoro taratibu, na sasa nikikumbuka naona kuwa alikuwa akiburuta na mguu pia. Sijui nitaacha lini kuikumbuka asubuhi ile. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akirudia, au choo kikaanza kumkaukia siku nne tano, hasa kama analalamika mgongo au miguu, hiyo si tabia. Mishipa ya fahamu inayosimamia kibofu na choo inapita humohumo mgongoni.

Bibi yake, mama mkwe wangu, akaleta mchuaji. Alimchua kwa mafuta ya nazi siku tatu jioni, siku ya tatu akamkanyaga mgongo kidogo kwa kisigino ili "uti urudi". Mtoto alipiga ukelele uliowatoa majirani. Simlaumu bibi, anampenda mjukuu wake kuliko roho yake, na mimi nilikuwa nimeshika taa. Ila nasema wazi: mtoto anayeumwa mgongo bila kujulikana sababu asikandwe, asinyooshwe, asikanyagwe.

Mwezi wa kumi tukaenda hospitali kubwa kidogo, ambayo sitaitaja. Akapigwa eksirei. Mganga aliona mgongo umepinda, akasema inaelekea ni kifua kikuu cha mifupa. Hakuwa mjinga. Huku kwetu TB ya uti wa mgongo ipo, na mtoto anayeumwa mgongo na kudhoofika miguu lazima ifikiriwe. Lakini hakuna kipimo kilichoithibitisha, alianzishiwa dawa kwa kukisia tu. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, akameza vidonge miezi miwili, akakonda, na miguu ikazidi kuwa mizito. Nilipouliza nikaambiwa TB ya mifupa inachelewa kupona, nivumilie. Nikavumilia. Eksirei inaonyesha mfupa. Uvimbe wa mwanangu ulikuwa kwenye kitu laini kilicho ndani ya mfupa, na eksirei haikuweza kuuona.

Krismasi ile kandambili ya kushoto ilianza kumvuka. Anatembea uani, ndala inabaki nyuma, yeye anaendelea hatua nne tano bila kujua yuko peku. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilikaa chini.

Aliyetuokoa alikuwa tabibu kijana kwenye kituo cha afya, Januari 2022. Nilikwenda kwa ajili ya mafua ya mdogo wake. Alimwona mkubwa akiingia mlangoni, akaacha mafua. "Mama, huyu anatembeaje?" Nikaanza hadithi. Akamwambia mtoto atembee kwa visigino, akashindwa. Atembee kwa ncha za vidole, akayumba. Akamgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, mguu ukaruka kama umepigwa shoti. Akausukuma unyayo juu ghafla, na mguu ukaanza kutikisika wenyewe, haukomi, kama mguu wangu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Akapitisha ncha ya funguo chini ya unyayo, kidole gumba kikainuka juu badala ya kukunja. Kisha akachukua pamba akaanza kumgusa kuanzia miguuni kwenda juu, "Unasikia? Unasikia?", mpaka karibu na matiti ndipo mtoto akasema hapa nasikia vizuri. Akaniuliza habari za mkojo na choo. Wote kabla yake walipima mkojo, hakuna aliyeuliza anakojoaje.

Haya yote hayakufika robo saa, na hayakuhitaji umeme. Alisema: "Mama, kuna kitu kinabana uti wa mgongo, na ni juu, kifuani, si kiunoni. Hili si la kusubiri Jumatatu." Akaandika rufaa hapohapo.

Usiku ule tuliuza overloki yangu, mashine ya kumalizia kingo za nguo, kwa shilingi 700,000. Ilikuwa na thamani zaidi ya hiyo, lakini mnunuzi aliijua shida yetu. Bima hatukuwa nayo. Wakati ule Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kila mwaka nilisema nitamkatia nikishamaliza oda za Januari. Utaratibu umebadilika tangu hapo. Ulizia unaotumika sasa, uulizie mtoto akiwa mzima.

Dar es Salaam tulifanya kosa la tatu, la pesa. Kwa haraka zetu, kabla ya kumwona bingwa, tulienda kituo binafsi kupiga MRI, picha ya kutumia sumaku, ili tufike hospitali na majibu mkononi. Mtu wa mapokezi aliuliza sehemu gani, shemeji yangu akasema mgongo, huku chini. Wakapiga kiuno. Shilingi 450,000. Majibu: hakuna tatizo. Nilisali kwa furaha kwenye daladala. Bingwa aliisoma ile picha akaiweka mezani polepole, akanieleza kwamba uti wenyewe, ule waya mkuu wa mishipa ya fahamu, unaishia juu ya kiuno, kwa hiyo tulipiga picha ya sehemu ambayo uti haufiki. Rufaa ya yule kijana ilikuwa kwenye mkoba wangu, imeandikwa kifua. Tungeitoa tu. Bingwa akaagiza mgongo mzima kuanzia shingoni pamoja na kichwa, bila dawa ya mshipani kisha na dawa, ile inayofanya uvimbe ung'ae. Kwa hiyo: mwone bingwa kwanza, acha yeye aandike sehemu ya kupiga, na mtoto apigwe picha ya mgongo mzima kwa mara moja.

MRI haina mionzi, lakini ina kelele kama mtu anagonga bati, na mtoto anatakiwa atulie muda mrefu. Mdogo hulazwa kwa dawa ya usingizi, ndiyo maana anakaa na njaa saa kadhaa kabla. Sisi siku ya kwanza tulirudishwa kwa sababu nilimpa chai na andazi alfajiri, nikimwonea huruma. Vua hereni, vibanio vya nywele, hirizi, kila chenye chuma.

Uvimbe ulionekana kuanzia pingili ya nne ya kifua hadi ya nane, ndani ya uti wenyewe. Daktari alinichorea nyuma ya karatasi. Alisema uvimbe wa eneo hili unaweza kukaa sehemu tatu: nje ya utando unaofunika uti, kati ya utando na uti, au ndani ya uti kabisa. Wa ndani kwa watoto mara nyingi ni aina inayoitwa astrositoma au ependimoma, na mwingi wake hukua polepole. Hapo nikaelewa kwa nini alicheza rede miezi yote ile.

Si kila uvimbe unakwenda polepole. Kitanda cha jirani alilala mvulana wa miaka sita ambaye miguu yake iliisha nguvu ndani ya siku tano tu. Wa kwake ulikuwa limfoma ya Burkitt, saratani inayofahamika sana ukanda wetu. Daktari Denis Burkitt aliieleza kwa watoto wa Uganda mwaka 1958. Yule hakupasuliwa uvimbe. Alichukuliwa kinyama kidogo, akaanzishiwa dripu za dawa, na wiki ya tatu alikuwa anashika ukuta wa wodi akitembea. Mama yake na mimi tulilia pamoja siku ile, kila mmoja kwa sababu yake.

Wangu alianzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa sehemu zinazouzunguka uvimbe. Maumivu yalishuka usiku wa kwanza, akalala chali kwa mara ya kwanza tangu Mei. Akaanza kula kama mtu aliyetoka shamba, uso ukawa wa mviringo, ndugu wakaja wakasema amenawiri, amepona, kwa nini mumpasue? Jihadhari na siku hizo. Ile ni dawa, uvimbe uko palepale. Na usiikatishe ghafla hata mtoto akionekana mzima. Hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo.

Kikao cha ukoo kilifanyika kwa simu. Shemeji mkubwa alitaka turudi kwanza nyumbani, apelekwe kwenye maombi, tufikirie hadi Pasaka. Bingwa nilimuuliza maswali manne niliyoyaandika kwenye daftari nililonunua hatimaye: tukingoja nini kitatokea, tukipasua nini kinaweza kuharibika, utatoka wote au sehemu, na baada ya hapo nani atafuatilia. Alijibu bila kuzunguka. Tukingoja miguu itaisha kabisa na huenda isirudi, maana mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka anatembea. Tukipasua, wiki za kwanza atakuwa dhaifu kuliko alivyo sasa. Hautatoka wote kama umeshikana na uti, kwa sababu kung'ang'ania kipande cha mwisho ndiko kunakolemaza. Baba yake akatia sahihi. Mimi mkono ulitetemeka, nikaweka dole gumba, mimi ninayejua kusoma.

Walitaka wachangia damu. Binamu zake wawili wa Mbagala walikuja na mwalimu mmoja ambaye hadi leo sijui alisikia wapi habari zetu. Pesa za upasuaji hazikutosha. Nesi mmoja akaninong'oneza, "Mama, umefika ustawi wa jamii?" Sikujua kama ofisi hiyo ipo hospitalini. Ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa wako, wanakusikiliza na wanaweza kukupunguzia au kukusamehe sehemu ya gharama. Sisi tulisamehewa karibu nusu. Nenda siku ya kwanza, usisubiri uuze kitanda.

Upasuaji ulichukua saa saba. Vipande vya nyuma vya pingili vilifunguliwa kama mlango, uvimbe ukatolewa kwa darubini, vipande vikarudishwa ili mgongo usije ukaweka kibiongo akikua.

Alipozinduka aliniuliza, "Mama, miguu yangu iko wapi?" Ilikuwa mbele yake chini ya shuka. Hakuweza kuichezesha wala kujua imekaaje bila kuitazama. Nilikuwa nimeambiwa kuwa hilo linaweza kutokea, na bado nilitoka nje nikakaa kwenye sakafu ya korido. Siku ya kumi na tisa kidole gumba cha kulia kilicheza. Mtaalamu wa fiziotherapia alikiona kabla yangu, akaniita jina langu lote.

Watu husema upasuaji ndio mlima. Kwetu mlima ulikuwa nyumbani. Kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, ili ngozi isioze kwa kulalia. Wiki ya pili nyumbani nilipitiwa na usingizi hadi asubuhi, na kidonda kilifunguka kisigino cha kushoto. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakulia. Kilichukua wiki saba kufunga. Tangu hapo kila jioni namkagua mwili wote kwa tochi ya simu, na maji ya kuoga nayajaribu kwa kiwiko changu, kwa sababu miguu yake haitamwambia kama yanaunguza.

Kibofu hakikurudi chenyewe. Nilifundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba mara nne kwa siku, mikono imenawa, mpira safi. Nilidhani siwezi. Sasa anajitoa mwenyewe tangu akiwa na miaka tisa, na haivuji, na haugui UTI ya kweli kila mwezi. Choo tunakipangia saa, dakika ishirini baada ya chai ya asubuhi, na mapapai, na maji. Shuleni nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikaomba ufunguo wa choo kimoja chenye mlango unaofungika. Hilo lilimsaidia kubaki shule kuliko jambo lingine lolote.

Majibu ya kinyama yalitoka baada ya wiki tatu: astrositoma ya pilositiki, daraja la kwanza. Niliuliza mara mbili kama ni saratani. Daktari alisema ni ile isiyo na haraka, haina tabia ya saratani kali, lakini kimebaki kipande na lazima kitazamwe. Kikikua, kuna kupasua tena, kuna dripu za dawa za saratani, karboplatini na vinkristini, na mionzi huachwa nyuma kwa watoto kadiri inavyowezekana kwa kuwa mifupa yao bado inakua. Kwa sasa hakijakua. MRI ilikuwa kila miezi sita, sasa ni mara moja kwa mwaka. Wiki ya kila MRI sishoni nguo ya mtu, maana nitaharibu.

Kwa sisi wa Tanzania, upasuaji wa aina hii upo hapahapa nchini. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya. Nimekutana na wazazi waliokaa mwaka mzima wakichangisha nauli ya India kabla hata ya kupata barua ya rufaa ya mkoa.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Anatembea. Mguu wa kushoto unaburuta akichoka, na gizani anashika ukuta kwa sababu bila macho hajui unyayo umekanyaga wapi. Rede hachezi, anahesabu pointi.

Juzi nilimpandisha kwenye stuli kumpima sketi mpya. Kwanza nilimvua shati, nikapima kutoka shingoni hadi kila bega, kisha kutoka kiunoni hadi sakafuni pande zote mbili. Kushoto kumezidi sentimita moja, sawasawa na mwaka jana. Nikaandika kwenye daftari lake la hospitali, na tarehe, ndipo nikachukua chaki.